Siku Tuliyomwonesha Baba Viboko

Vuta kigoda ukae, ndugu msomaji. Nataka kukueleza jinsi ya kuwapeleka mbugani watoto wasiojua kutulia, na siwezi kukueleza vizuri bila kukurudisha kwanza Sumbawanga, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakati mtoto asiyejua kutulia nilikuwa mimi mwenyewe.

Nililikumbuka jambo hili mwezi uliopita. Nilikuwa mezani na daftari, napanga safari ya familia kwenda Katavi: tulale wapi, tubebe chakula gani, dawa gani ya malaria. Mwanangu wa pili, ana miaka kumi, aliinua macho kutoka kwenye simu akauliza kama huko kuna mtandao. Nikamwambia sehemu kubwa hakuna. Akauliza, "Sasa tutakuwa tunafanya nini?" Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikaweka kalamu chini, maana swali hilohilo niliwahi kumsikia kaka yangu akimuuliza baba, na jibu lake lilituchukua kiangazi kizima kulipata.

Tulikaa pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya Mpanda. Ukitaka kuijua Ufipa ya kiangazi, anza na upepo. Unakuja asubuhi kutoka kwenye uwanda uliokwisha kuvunwa, hauna mti wa kuuzuia, na unapita kwenye nyufa za dirisha ukipiga mluzi. Mwezi wa sita na wa saba tulikwenda shule tumevaa makoti ya mitumba yaliyotupita magoti. Mama alikuwa akituamsha kwa harufu ya uji wa ulezi, mwekundu na mzito, ambao ulishika kwenye midomo tukawa tunaulamba njia nzima. Jioni tulipepeta maharage uani, tukarudisha kuku bandani, tukachota maji bombani kwa zamu. Zamu ndiyo iliyotugombanisha kuliko kitu kingine chochote.

Tulikuwa watatu. Kaka alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi, na mdogo wetu sita. Na ni kweli tulikuwa watoto wa kuchoka haraka. Wakubwa walisema ni ruksa iliyotuharibu. Duka ambalo zamani lilikuwa na rafu tupu na foleni ya sabuni, sasa lilikuwa na biskuti za rangi tatu, betri, na kandambili zilizoning'inia mlangoni kama mikungu ya ndizi. Na karibu na soko mtu mmoja alikuwa amefungua banda la video. Aliwasha jenereta, akafunga madirisha kwa magunia, na ndani, kwenye runinga, kulikuwa na watu wakirushiana mateke bila kupumzika. Baada ya kuona vile, kila kitu kingine duniani kilionekana kinakwenda polepole mno. Misa ilikuwa ndefu, maharage yalikuwa mengi, na barabara ilikuwa mbali.

Baba alikuwa dereva wa lori la kampuni ya umma iliyobeba mahindi. Kwa miaka mingi alikwenda Mpanda na kurudi, na njia ile inapita katikati ya hifadhi ya Katavi. Kwa hiyo wanyama ambao wengine waliwaona kwenye vitabu, yeye aliwaona akiwa na usukani mkononi. Aliwapenda viboko kuliko wote. Alitueleza jinsi wanavyojazana Sitalike wakati mto Katuma unapokauka, wanalaliana mgongoni kama magunia ghalani, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Sasa nikwambie jambo ambalo sisi watoto hatukulijua, ili usije ukanisikiliza kwa makosa kama sisi tulivyomsikiliza yeye. Baba alikuwa anapofuka. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba kilichobaki kinaweza kisifike msimu wa mvua. Baba alirudisha ufunguo wa lori yeye mwenyewe. Watu walidhani amepunguzwa kazini, kwa kuwa siku hizo wengi walikuwa wanapunguzwa, naye akawaacha wadhani hivyo. Mama peke yake ndiye aliyejua. Mama ndiye aliyenieleza baadaye kwamba jioni ile walipotoka hospitali, baba alisubiri mpaka walipofika mlangoni, kisha akasema hana analolidai isipokuwa moja: awaone viboko mara moja tena, na sisi tukiwa pembeni yake tunawaona.

Basi ndipo mipango ikaanza. Baba alipanga kama dereva. Kila Jumapili baada ya misa alitukusanya uani, akapanga punje za mahindi chini: hii Sumbawanga, hii Chala, hapa njia panda, hapa mteremko, hapa Kizi, hapa mto. Alitutaka tuikariri njia hiyo kwa zamu. Alitufundisha kwamba mbung'o hupenda nguo nyeusi na za buluu, hivyo kila mtu atafute shati la rangi ya udongo. Alitufundisha kwamba kiboko akipiga miayo hana usingizi, anakuonya. Mdogo wetu alikuwa akila punje za njia panda. Kaka alikuwa akitazama upande wa sokoni, ambako jenereta ilisikika ikikohoa.

Siku moja ndipo kaka akauliza, "Sasa baba, tukishafika huko, tunafanya nini?"

"Tunakaa, tunatazama."

"Tunatazama tu?"

"Tunatazama tu."

Kaka akasema kwenye video tembo anakuja mwenyewe, huhitaji kumsubiri. Baba alicheka sana. Mama hakucheka. Alikuwa anaosha vyombo, na niliona mkono wake umesimama ndani ya karai.

Mama alikuwa na hofu yake. Aliona kwamba watoto hawa hawawezi kumaliza misa ya saa mbili bila kukanyagana, watawezaje kukaa kimya kandokando ya mto? Na hakutaka siku hiyo moja iharibiwe na kelele zetu. Kwa hiyo akaanzisha mazoezi. Alitukalisha kwenye benchi nyuma ya nyumba, tukitazama shamba lililokwisha kuvunwa, akatuambia tukae mpaka ndoo ijae. Ndoo aliiweka chini ya bomba lililokuwa likitoa tone moja moja. Nisikudanganye, hatukufaulu hata mara moja. Mdogo wetu alibanwa na mkojo kila dakika. Kaka alinifinya, nami nikamfinya. Mama alitoka jikoni, akaitazama ndoo ikiwa haijafika hata robo, akatuambia twende tukacheze. Hakutukaripia. Wakati ule nilidhani ametuonea huruma.

Gari lilikuwa la jirani. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akajenga hatua chache kutoka kwetu, na alikuwa na pikapu kuukuu yenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba ya katani. Yeye na baba walitaniana kila siku. Alikuwa akimwambia baba kwamba Mfipa akikusalimia unaweza kupika na kupakua kabla hajamaliza kupiga makofi. Baba alikuwa akimjibu kwamba ndiyo maana ng'ombe wake wamekonda, wamelelewa bila salamu.

Utani huo una maana, kwa hiyo ngoja nimweleze asiyejua. Kwetu, kwa wazee wa zamani, salamu haikuwa neno la kupita. Ukikutana na mkubwa njiani, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimejikunja kidogo ili sauti iwe nzito, unasubiri naye akuitikie. Baba hakuiacha desturi hiyo hata alipokuwa na lori. Alikuwa akisimamisha gari, anashuka, anasalimia, anapanda tena.

Jirani alikubali kutupeleka mwezi wa nane. Mwezi wa nane pikapu ikaitwa kubeba mahindi Mpui. Tukasema mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ukaanza na msiba wa shangazi yake mama, hatukuweza kusafiri. Kila tulipoahirisha, sisi watoto tulipungukiwa hamu. Baba alizidi kupanga. Punje za mahindi zikarudi uani kila Jumapili, lakini sasa alizipanga kwa kupapasa, na Chala akaiweka baada ya Kizi. Tulimsahihisha tukicheka. Alisema asanteni.

Juma moja kabla ya kuondoka, nilikuwa nakoka moto, nikamwambia kaka kwamba nimewachoka viboko ambao hata sijawaona, na kwamba ni heri watuache nyumbani na kiingilio cha video. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua amesimama hapo kwa muda gani. Alisema tu, "Haya, mwanangu, moto usizimike," akageuka, na bega lake likagonga fremu ya mlango. Maneno yangu yale nimeyabeba mpaka leo. Mtoto hawezi kulaumiwa kwa asichokijua, najua, na mara nyingi nimewaambia wengine hivyo. Lakini bega lile lilivyogonga bado nalisikia.

Tuliondoka Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tisa, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia. Mama alikuwa amechemsha viazi vitamu, amekaanga migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kipili, kwa mafuta mengi, na kujaza togwa kwenye dumu. Baba na mama walikaa mbele na jirani. Sisi tulikaa nyuma juu ya magunia, tumejifunika turubai. Mpaka Chala tulikuwa tumeimba nyimbo zote tulizozijua. Baada ya Chala tulianza kugombana. Mdogo wetu alilia anataka kurudi. Kaka aligonga kioo cha nyuma mara tatu kuuliza kama tumefika, na mara ya tatu mama aligeuka akatukazia macho.

Nchi ilianza kuteremka. Upepo wa baridi ukabaki juu nyuma yetu, joto likatupokea, na majani yalikuwa yamechomwa moto pande zote mbili, meusi mpaka unapoishia upeo. Hapo jirani alisimamisha gari ili injini ipoe. Baba alishuka kujinyoosha. Alitembea hatua chache pembeni ya barabara, akasimama, akavua kofia.

Mbele yake kulikuwa na kichuguu. Kilikuwa cha kijivu, cha urefu wa mtu aliyeketi, na juu yake palikuwa pamechongoka kama kichwa kilichoinama chini ya shuka. Baba alichuchumaa, akaweka kofia chini, akaanza kupiga makofi. Taratibu, kwa heshima, kama kwa babu yake. Akasubiri. Akapiga tena.

Kaka alicheka mpaka akaanguka kwenye magunia. Nami nilicheka. Tulidhani ni mchezo, baba ametuona tumechoka akaamua kutuchekesha. Jirani alikuwa ameegemea boneti. Yeye, mtu wa utani, aliyekuwa na nafasi ya kumtania Mfipa mwaka mzima kwa jambo lile, aligeuka akatazama kwingine. Nikamwona mama anashuka. Alikuja hadi nyuma ya gari, akashika ukingo kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba yenu amesalimia. Shukeni mkasalimie naye."

Tulishuka. Mama akaenda akapiga magoti kando yake, akapiga makofi, nasi nyuma yake tukapiga, mdogo wetu naye akapiga kwa vidole vyake vifupi. Baba aligeuza uso kutufuata kwa sauti, na ndipo nilipoyatazama macho yake kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Yalipita juu yangu, yakatua mahali ambapo sikuwapo. Mahindi ya uani, bega mlangoni, lori lililorudishwa, yote yalinijia kwa pamoja. Kaka naye alikuwa ameacha kucheka.

Baba alinyoosha mkono, akakigusa kile kichuguu. Akapangusa vumbi kwenye viganja vyake.

"Mkubwa huyu haitikii," alisema. "Ana jambo lake."

Jirani akasema, "Labda ni wa kwetu, dereva. Sisi hatujui salamu." Na baba akacheka, cheko la kweli, akashikwa mkono akarudi garini.

Tulirudi juu ya magunia. Mbung'o walituuma kupitia mashati ya rangi ya udongo, na hakuna aliyelalamika. Tulipita twiga watatu. Kaka aligonga kioo, safari hii akamwambia mama amwambie baba: twiga, watatu, kushoto.

Sitalike tulifika jua likiwa kichwani. Askari wa hifadhi alituonesha mahali salama pa kusimama, ukingoni, juu ya maji. Mto ulikuwa umebaki dimbwi la tope, na ndani yake, ndugu msomaji, ilikuwa vilevile baba alivyosema. Migongo juu ya migongo, ya kijivu na ya waridi, ikimeta kwa tope. Waliguna, wakanyamaza, mmoja akaanza tena na wengine wote wakadakia. Harufu yao ilikuwa ya zizi lililonyeshewa mvua.

Baba alisimama ameshika bega langu. Uso wake ulikuwa umeelekea juu kidogo kuliko walipokuwa.

"Wapo?" aliuliza.

"Wapo, baba."

"Mimi naona kung'aa. Kung'aa ni maji, au ni wao?"

Kaka ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ya haraka na ya kupanda. Alisema ni wao, wengi, hawahesabiki, na ng'ambo kuna tembo mkubwa anakuja kunywa, ana pembe ndefu mpaka chini. Nilitazama ng'ambo. Hapakuwa na tembo. Kaka alikuwa analia huku anamtengenezea baba tembo.

Baba alimtafuta kwa mkono mpaka akampata kichwani.

"Tembo huyo hajavunja hata kijiti, mwanangu. Usinipe cha uongo. Niambie kilichopo."

Basi tukamwambia. Kwanza kwa shida, maana hatukuwa na mazoea. Nilisema kuna kiboko mmoja mkubwa. Akauliza mkubwa kama nini, amelala upande gani, masikio anayafanyaje. Ikabidi nitazame tena. Masikio yalikuwa madogo, yanazunguka na kurusha matone. Nilipomwambia hivyo, akasema hayo ameyaona. Mdogo wetu alisema kuna ndege mweupe anatembea juu ya mgongo wa kiboko kama juu ya paa. Baba akauliza anakanyaga wapi. Mdogo wetu alichuchumaa, akatazama, akaeleza kila hatua ya ndege yule mpaka aliporuka. Kaka alihesabu majeraha ya dume mzee aliyetengwa pembeni. Mama aliketi nyuma yetu, kitenge kimefunika mdomo, na chakula kilikaa hakijafunguliwa.

Sijui tulikaa muda gani. Jirani alikuja mara moja kusema kwamba jua linaondoka, na aliyemwambia asubiri kidogo alikuwa kaka.

Baba aliona mpaka mvua za kwanza, karibu kama daktari alivyosema, kisha hakuona tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alijifunza kukunja magunia na kumenya maharage kwa vidole, na kila tuliporudi kutoka shule alituuliza njiani kulikuwa na nini. Hakukubali jibu la "hakuna kitu." Kuhusu siku ile, mama alimuuliza mara nyingi kama kweli aliona chochote. Wakati mwingine alisema aliona miayo ya yule dume. Wakati mwingine alisema aliona kung'aa tu, na inatosha. Sijui lipi lilikuwa kweli, wala mama hakujua.

Leo njia ile ina lami, na unafika kabla viazi havijapoa. Banda la video lilikwisha kufa kabla hata sijamaliza shule. Jirani alihama na ng'ombe wake kuelekea bonde la Rukwa, hatukusikia tena habari zake. Makofi ya salamu niliyasikia mara ya mwisho kwenye mazishi ya baba, kwa wazee wawili, na vijana waliokuwa karibu walidhani wanakung'uta vumbi. Kinachoniuma si kwamba mambo haya yameondoka. Kila kitu huondoka. Kinachoniuma ni vile nilivyoyatazama nusunusu yalipokuwapo, hadi nilipopata mtu wa kumtazamia.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari, panga kama kawaida. Beba maji, beba dawa, vaa rangi ya udongo, na usiwaogope watoto wako kwa kuchoka kwao. Hawana ubaya wowote. Mkifika, tafuta mahali salama, mkalishe mtoto karibu nawe, ufumbe macho, umwombe akwambie kuna nini. Akikujibu kwamba hakuna kitu, usifumbue. Muulize tena.